Kabla hujanunua katana ya kuweka sebuleni, ipindue kwanza

Meza yangu ya kioo haipo tena, na aliyeivunja ni mimi. Nilikuwa nafuta vumbi sebuleni hapa Maskati, nikainua katana, upanga wa Kijapani, kutoka kwenye kibao chake, nikaiinamisha kidogo, mpini chini. Ikatoka kwenye ala yenyewe, kama samaki anavyoponyoka mkononi. Kioo kikawa vipande, mpini nao ukakatika, na hapo ndipo nikaona nilichokinunua: mkia wa upanga, ule uliojificha ndani ya mpini, ulikuwa kijichuma cha duara chembamba kama penseli, kimechomelewa kwenye ubapa. Mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa pale pale, ameinuka tu kwenda kunywa maji. Mama akapaza sauti toka jikoni: "Si nilikwambia hilo panga litatutoa roho?"

Kwa hiyo leo sizungumzii urefu, wala rangi ya ala, wala joka lililochorwa kwenye kinga ya mkono. Hayo kila mtu ana macho. Nazungumzia mdomo wa ala, kitu ambacho hakuna tangazo hata moja linalokipiga picha.

Iko hivi. Pale ubapa unapokutana na kinga ya mkono, katana huvishwa kikuku cha shaba. Wajapani wanakiita habaki. Kimechongwa kama kabari, chembamba kwa mbele, kinene kuelekea mpini. Ukiurudisha upanga, kikuku ndicho kinachojibana kwenye mdomo wa ala na kuushika wote. Ubapa wenyewe unakaa ndani bila kukwaruzana na mbao. Ndiyo maana anayejua hachomoi kwa kuvuta. Kwanza anaisukuma kinga kwa dole gumba, kikuku kinaachia kwa kishindo kidogo, ndipo upanga unateleza. Kikuku kikilegea, ala ni sawa na soksi iliyokwisha mpira.

Marehemu babu yangu alikuwa hajui katana, lakini alijua majambia. Akiingia duka la Matrah, hapa hapa Maskati, hasomi bei. Analichukua jambia, analipindua mpini chini mbele ya mwenye duka, analitikisa mara moja. Likichomoka anasema alhamdulillahi, anatoka. Mimi mjukuu wake nilisoma maoni ya wanunuzi arobaini nikasahau jaribio la sekunde moja.

Basi ukinunua mtandaoni, mwambie muuzaji akutumie video fupi: mkono umeshika ala tu, mpini unaning'inia chini. Akianza kukueleza habari za chuma badala ya kutuma video, umeshapata jibu. Ikishafika nyumbani, rudia jaribio juu ya godoro, si juu ya vigae. Na ikiwa lazima uing'ang'anie kwa mikono miwili ndipo itoke, hiyo nayo ni mbovu. Siku itakayoachia ghafla, kiwiko chako kitampata aliye nyuma yako.

Namba moja kwangu, na mapenzi yangu siyafichi, ni iaito za Tozando, duka la Kyoto. Iaito haikutengenezwa iwe pambo. Ni upanga wa mazoezi wa wanaojifunza iaido, sanaa ya kuchomoa upanga na kuurudisha alani. Mtu anayefanya hivyo mara mia kwa jioni moja hawezi kuvumilia mdomo uliolegea, na fundi anajua hilo. Ubapa wake ni mchanganyiko wa zinki na alumini: haushiki makali hata ukiunoa usiku kucha, na haupati kutu, jambo ambalo kwa sisi wa pwani ni nusu ya bei. Chimbuko la kutumia mchanganyiko huo ni sheria. Tangu 1958 Japani inabana sana mapanga ya chuma. Ya kweli lazima yasajiliwe na hufuliwa na mafundi wenye leseni tu. Iaito nyingi za huko zinatoka Seki, mji wa mkoa wa Gifu unaofua panga na visu tangu zama za Kamakura. Mpini umevikwa ngozi ya taa, taa huyu huyu tunayemuunga kwa nazi, na juu yake nyuzi zilizosukwa. Ule mstari wa mawimbi kwenye ubapa ni urembo tu; kwenye chuma halisi hutokana na udongo unaopakwa kabla upanga wa moto haujazamishwa majini. Sijali. Ukiagiza ya shaku 2.45, yaani kama sentimita 74, inakaa vizuri kwenye kibao cha kawaida. Andaa dola 400 hivi kwenda juu, usafiri mbali.

Ya pili ni Hanwei wa Dalian, China, hasa ile yao inayoitwa Practical Katana. Niliyoishika kwa rafiki ilibana vizuri. Ila hiyo ni chuma cha kaboni na imenolewa kweli, kwa hiyo nyumba yenye watoto hapana, na inataka mafuta. Mafuta ya jadi ya panga za Kijapani yanaitwa choji, na choji maana yake ni karafuu. Msifurahi upesi, Wapemba: yanayouzwa leo kwa kawaida ni mafuta ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo tu. Usichukue chupa ya bibi ukaimimina yote.

Ya tatu, karakana za Longquan, pia China. Hapo ni bahati nasibu. Watakumwagia namba, 1045, 1060, 1095. Namba hizo ni kiasi cha kaboni kwenye chuma basi. 1060 ina kama asilimia 0.60. Mdomo wa ala hazikuambii.

Za chuma cha pua za bei ya chini: hiyo ndiyo iliyovunja meza yangu.

Na hapa roho inaniuma. Muuzaji wangu aliandika "upanga halisi wa samurai". Samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani, walipigwa marufuku kutembea na panga hadharani mwaka 1876. Huu wa kwangu, wenye mpini wa plastiki na harufu ya rangi mbichi, aliuvaa samurai yupi? Nilipompelekea picha za vioo na kile kijichuma, akanijibu kwa sauti: "Dada yangu, ile ni ya kutazama, si ya kushika. Ungeifunga na ile kamba yake." Nikarudi kwenye tangazo lake. Kijana kashika ala kwa mkono mmoja, upanga kauchomoa kwa mwingine, kakunja sura. Nikamtumia picha hiyo hiyo. Alama mbili za buluu, kimya.

Tangazo bado lipo. Juzi nimeona kapandisha riali tatu.