Mkongojo wa alumini: goti litashukuru, vidole pengine visishukuru

Mikongojo ya alumini yenye matundu ya kurekebisha urefu, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa tiba mjini Moshi, inamfaa mwenye goti lililosagika, ila ipimwe palepale dukani. Mgonjwa avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima, mikono ining'inie. Mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu, bega hupanda na kuuma. Ukiwa mfupi, mgongo huinama. Kitufe cha kufungia urefu kitokeze kabisa tunduni, kisha kaza pete ya kubana bomba, la sivyo utasikia kelele kila hatua. Mkongojo unashikwa upande wa goti lisilouma na kusogezwa pamoja na mguu unaouma. Wengi hufanya kinyume, halafu lawama inauendea mkongojo!

Udhaifu wake ni mpira wa chini. Kwenye njia za udongo za Kibosho, wakati wa masika, matope huziba mifereji yake na unateleza vibaya. Ufutwe kila mara, ubadilishwe mifereji ikilika. Nunua wa akiba siku hiyohiyo, wenye kipenyo kilekile. Mwenye baridi yabisi ya vidole auache ule wenye mpini mwembamba uliopinda. Atafute mpini mpana unaosambaza uzito kiganjani.