Uzoefu wangu: albamu tatu za jazi ya 2024, zikisikilizwa Kampala penye jenereta

Kwa masikio mengi ya Afrika Mashariki, neno "jazi" bado ni dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, magitaa yakijibizana na watu wakiinuka vitini. Albamu hizi tatu si za kuchezea. Ni muziki wa kutega sikio, unaoshuka hadi mnong'ono kisha unapanda ghafla, na hapo ndipo Kampala inapoutesa: boda nje ya dirisha, jenereta ya jirani, simu yenye spika ndogo kuliko sarafu. Kila albamu nimeipima kwa spika ya simu, spika ya bluetooth, hedifoni ya waya na spika mbili za mezani. Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia, na albamu hizi haziumii sawa.

Iliyoumia zaidi ni ya Shabaka Hutchings, "Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace", iliyotolewa na lebo ya Impulse! mwezi Aprili 2024. Huyu ndiye Mwingereza aliyeweka saksafoni chini mwishoni mwa 2023 akashika filimbi, na ya kwanza kati yake ni shakuhachi ya Wajapani. Anayeijua endere, filimbi yetu ya Buganda, hatapotea. Zote mbili hupulizwa kwenye ncha yenye mkato, pumzi ikipasuka kwenye ukingo wa mkato huo. Endere ina matundu manne. Shakuhachi ina matano, manne mbele na moja nyuma la kidole gumba, na ile ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5 hivi. Kwa hiyo ukisikia "shhh" kabla ya noti kusimama, usidhani rekodi ina kasoro. Ile pumzi ndiyo nusu ya muziki wenyewe.

Tatizo ni kwamba pumzi ni mchanganyiko wa masafa mengi ya juu kwa wakati mmoja, na MP3 iliyobanwa sana huanza kutupa hayo hayo. Kwa kiwango cha chini, filimbi inageuka kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Nililinganisha MP3 ya kilobiti 96 kwa sekunde na FLAC, faili isiyopoteza kitu, ya wimbo mmoja: kwenye ya kwanza mwanzo wa noti ulikuwa umeoshwa, nikabaki na noti tupu isiyo na mtu anayepuliza.

Jambo la pili ni chumba. Walirekodi katika studio ya Van Gelder huko New Jersey, wote ukumbini, bila vibanda vya kutenganisha wapigaji na bila hedifoni. Vinubi vya Brandee Younger na Charles Overton vinavuja kwenye maikrofoni za wenzao, na kuvuja huko ndiko kunakufanya uhisi ukuta uko wapi. Spika ya bluetooth yenye kifua kimoja huvirundika vyote mahali pamoja. Kwa hedifoni ya waya ya bei ya kawaida kabisa, kinubi kinarudi kushoto, filimbi inasimama katikati, na ukimya una ukubwa.

Ninachokilalamikia kwenye albamu yenyewe ni ufupi. Vipande kadhaa vinaisha pale unapoanza kuzoea pumzi yake, na wageni wanaokuja na maneno, hasa wale wa kughani, wananitoa chumbani. Wengine watasema wanaleta uhai. Kwangu ni kama mtu kuwasha redio katikati ya dua.

Kuhusu faili, hesabu ni hii. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo albamu ya dakika 47 ni karibu MB 500. FLAC huibana bila kupoteza kitu hadi kama nusu, MB 250 hivi. MP3 ya 320 ni MB 2.4 kwa dakika, yaani kama MB 113. Kutiririsha kwa kilobiti 160 kunakula MB 1.2 kwa dakika, karibu 56 kila unapoirudia. Ukiisikiliza mara tano umeshalipia bando la kupakua FLAC nzima, na bando letu lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake tangu Julai 2021. Muziki huu hausikilizwi mara moja ukaeleweka, kwa hiyo kupakua kuna faida hata kwa asiyejali ubora.

Pakua kwa kompyuta ukiweza. Kwenye simu albamu huja kama zipu, na kuifungua kunahitaji nafasi maradufu: MB 250 za zipu na 250 nyingine za faili zinazotoka. Simu iliyojaa picha za harusi hukwama katikati na kukuachia nyimbo sita kati ya kumi na moja. Malipo nimefanya kwa kadi pepe ya simu. Weka dola moja au mbili juu ya bei, kwa sababu kiwango cha kubadilishia fedha na ada huongezwa baadaye. Muamala wangu mmoja ulikataliwa kwa upungufu wa senti chache, na hela zikashikiliwa siku kadhaa kabla ya kurudi. Maduka mengine ya faili hayauzi kabisa kwa anayeingia akiwa Uganda. Jua hilo kabla hujapakia kadi.

Ya Nduduzo Makhathini, "uNomkhubulwane", ndiyo inayovumilia shida. Ilitoka Juni 2024 kwa lebo ya Blue Note. Ni kundi la watu watatu: yeye kwenye piano, Zwelakhe-Duma Bell le Pere kwenye besi, na Mkuba Francisco Mela kwenye ngoma. Jina ni la mungu wa kike wa Wazulu, wa mvua na rutuba, na albamu imegawanywa sehemu tatu zinazofuatana kama ibada. Makhathini ni mganga pia, na si pambo la jarida: anaimba na kuita huku mkono wa kushoto ukirudia duara moja hadi linakuwa kiti cha kukalia. Sauti ya mtu na katikati ya piano ndivyo vitu ambavyo hata spika mbovu huviweza, kwa hiyo ndani ya teksi ya Ntinda bado unapata jambo.

Unachopoteza ni besi. Uzi mnene wa besi kubwa ukipigwa wazi uko kwenye hezi 41, na spika ya simu haifiki hata karibu na hapo. Unachosikia ni vivuli vya juu vya noti, ubongo unajaza kilichobaki. Halafu jenereta. Jenereta ndogo ya mizunguko 3,000 kwa dakika huvuma kwenye hezi 50, na noti ya G ya chini ya besi iko kwenye 49. Umeme ukikatika na jirani akavuta kamba, le Pere anamezwa. Kuongeza sauti hakusaidii, unaongeza piano tu. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri ndizo dawa. Ukitumia spika na inveta ya bei rahisi na kusikia mlio wa nyuki, chomoa chaja ya kompyuta kwanza utumie betri. Mara nyingi nyuki anaondoka nayo.

Zima pia ile mipangilio ya programu inayochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, na ile inayosawazisha sauti za nyimbo zote. Ya kwanza inakata milango kati ya sehemu za ibada, ya pili inainua minong'ono iwe sawa na kelele.

"Compassion" ya mpiga piano Vijay Iyer, lebo ya ECM, Februari 2024, ni ya jioni tulivu. Besi ni ya Linda May Han Oh, ngoma ni za Tyshawn Sorey. ECM ina desturi ya kuanza CD zake kwa sekunde tano za ukimya, kwa hiyo usikimbilie kuongeza sauti. Kwa sikio la Buganda mlango upo tayari: amadinda, marimba yetu ya mbao. Omunazi, mpigaji wa kwanza, anapiga, omwawuzi, wa pili, anaingiza noti zake katikati ya zile, na unasikia wimbo wa tatu ambao hakuna anayeupiga. Sikiliza hivyo "Drummer's Song", utungo wa Geri Allen, ukifuata mkono mmoja tu wa Iyer na ngoma za Sorey, na ile hesabu inayowatisha watu inakuwa ya nyumbani. Kwa spika ya simu inabaki matone ya piano tu. Kati ya hizi tatu ndiyo ninayoirudia zaidi, ingawa ndiyo baridi zaidi.

Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji adapta, na adapta yangu ya kwanza ya USB-C ilikuwa bubu. Zile rahisi ni waya mtupu na hutegemea simu itoe sauti ya analogi yenyewe. Simu nyingi hazitoi. Muulize muuzaji kama ina chipu ya DAC, ile inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, na ujaribu palepale kabla ya kutoa hela.

Na kuhusu vibanda vinavyokujazia flashi kwa shilingi chache wakisema ni FLAC: fungua faili moja kwa programu ya bure ya Spek, inayochora masafa ya sauti. Picha ikikatika kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, hiyo ilikuwa MP3 ya 128 iliyovishwa koti kubwa. Mwanamuziki hakupata hata senti, na wewe pumzi ya Shabaka hutaisikia.