Kaseti ya Mwalimu na Tromboni Yangu: Nimerudi kwa Bendi za Ska za Kikristo

Mimi ni mpiga tromboni. Nilianza kupuliza nikiwa darasa la sita, kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu kule Machame, na mpaka leo niko Arusha, Jumapili ikipita bila kupuliza naona kama sikusali. Nalitanguliza hilo ili msomaji ajue anayeongea ni nani. Mwingine albamu ataipima kwa gitaa au kwa sauti ya mwimbaji. Mimi sikio langu linakwenda kwanza kwenye vyombo vya kupuliza.

Mwaka 1999, nikiwa kidato cha tatu, tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Colorado, Marekani, akitufundisha hesabu. Siku ya kuondoka aliniita, akanipa kaseti aliyoirekodi mwenyewe. Upande mmoja aliandika kwa kalamu ya bluu Five Iron Frenzy, upande wa pili The O.C. Supertones, bendi mbili za Kikristo za Marekani zilizopiga ska, muziki wa kasi wenye matarumbeta. Akaniambia, “Hawa wanapuliza kama ninyi.” Niliisikiliza kaseti ile mpaka maandishi yakafutika. Kiingereza changu kilikuwa cha daftarini, maneno yalikuwa yanakimbia kuliko mimi, kwa hiyo nilishika jina la Yesu hapa na pale, na nilishika tromboni. Mwaka 2003 redio ikaumeza ukanda wote, ukatoka umekunjamana kama uzi wa mtumba, hautengenezeki. Nikaachana nao.

Mwaka jana nikaamua kuwatafuta. Hii ndiyo taarifa ya miezi minane ya kusikiliza, kwa yeyote anayependa muziki wa injili na yuko tayari kusikia kitu ambacho redio zetu za dini hazikuwahi kumpigia.

Kwanza namna ya kuupata. Albamu nyingi za bendi hizi zipo kwenye programu za kusikiliza muziki kwa simu. Nilikuwa nazipakua usiku kwa bando la usiku. Lakini mimi nilitaka vijitabu vyenye mashairi, kwa hiyo nikamwomba binamu yangu aliyeko Minnesota anikusanyie CD zilizotumika. Nyingi alizipata kati ya dola 3 na 8. Moja ilituumiza: kasha la Supertones, ndani CD ya nyimbo za Krismasi za mtu mwingine kabisa, na muuzaji hakujibu barua hata moja. Sisi tulikuja kugundua mzigo ukiwa umeshafika Arusha. Ukiagizia ndugu, mwambie afungue kila kasha na aipige kila CD kabla haijapanda ndege.

Sasa muziki wenyewe. Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya rege. Ukihesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, gitaa halikai kwenye moja wala mbili, linakaa kwenye “na”. Mkono unakwaruza nyuzi kwenda juu, kifupi, kisha unazima. Vyombo vya kupuliza vinaingia kwa sauti fupi fupi juu ya hapo, na mwili wote unataka kuruka. Jambo lililonigusa, nililolijua nikiwa mtu mzima, ni kwamba wapulizaji wengi wa mwanzo wa ska walifundishwa na kanisa. Pale Kingston kulikuwa na Alpha Boys’ School, shule ya wavulana maskini iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na bendi yake ilimlea Don Drummond, mpiga tromboni wa The Skatalites, pamoja na Tommy McCook wa saksafoni. Kwa hiyo vijana wa California na Colorado walipoichukua ska miaka ya 1990 wakamwimbia nayo Kristo, hawakuupeleka muziki wa kigeni kanisani. Kanisa lilikuwemo tangu kule Kingston, mikononi mwa sista na mtoto mwenye tarumbeta.

Five Iron Frenzy ndio walionishika zaidi. Ni bendi ya Denver, ilianza mwaka 1995, albamu ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata. Mwimbaji ni Reese Roper. Tromboni ni ya Dennis Culp, ambaye pia ni mmoja wa watunzi wao, na inasikika: tromboni haikuwekwa kupamba, inabeba wimbo. Albamu iliyokuwa kwenye kaseti yangu ni Our Newest Album Ever!, ya mwaka 1997. Nilipoipiga tena baada ya miaka zaidi ya ishirini, kila mpulizo niliujua kabla haujafika. Maneno ndiyo yalikuwa mapya kwangu.

Nilikaa na kijitabu mezani, wimbo kwa wimbo. Kuna mmoja unaitwa Banner Year. Nikiwa mtoto niliuruka-rukia. Kumbe unamhusu Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa Amerika, aliyeuawa na wanajeshi wa Marekani kando ya mto Washita mwaka 1868. Nikaenda kusoma zaidi. Miaka minne kabla, Novemba 1864, Black Kettle huyo huyo alikuwa amepandisha bendera ya Marekani kambini kwake Sand Creek, Colorado, ionekane kwamba watu wake ni wa amani, na bado wakashambuliwa, wengi wa waliokufa wakiwa wanawake, watoto na wazee. Kamanda wa shambulio lile, John Chivington, aliwahi kuwa mchungaji wa Kimethodisti.

Nilizima redio nikatoka nje. Hawa vijana wa Colorado, waliolelewa kanisani, walikuwa wameyachukua mauaji waliyotendewa wenyeji wa nchi yao wakayaimba mbele ya vijana wenzao wa kanisani, kwa matarumbeta, kwa kasi, bila kuitetea serikali wala kanisa. Ndiyo maana nasema bendi hizi zilipuuzwa bure. Dunia iliwaona ni watoto wa Jumapili, kanisa likawaona ni makelele na mitindo. Ska ilipotoka kwenye chati mwishoni mwa miaka ya 1990, walitupwa pamoja na fasheni, na toba iliyokuwa ndani ya nyimbo zao ikatupwa nayo.

Nao waliachana. Onyesho la mwisho lilikuwa Denver, tarehe 22 Novemba 2003, mwaka ule ule kaseti yangu ilipokufa. Rekodi ya usiku ule imo kwenye The End Is Here, CD mbili, na kama utanunua moja tu, nunua hiyo. Miaka minane baadaye, tarehe ile ile ya 22 Novemba, wakatangaza wanarudi, wakaomba mashabiki wachange dola 30,000 za kurekodi albamu. Zilipatikana zaidi ya dola 200,000. Waliosema bendi imesahaulika hawakuwa wameuliza watu. Albamu ile, Engine of a Million Plots, ilitoka mwaka 2013. Ina ska kidogo, gitaa zito, na umri unasikika katika sauti ya Roper. Mimi ninaipenda. Until This Shakes Apart ya mwaka 2021 ni kali zaidi, inakemea chuki dhidi ya wageni katika nchi yao, na tromboni imerudi mahali pake.

Supertones, wale wa upande wa pili wa kaseti, ni wa Orange County, California. Hawa ni wahubiri. Matt Morginsky anaimba, anachana mistari, na ndani ya mistari kuna mafundisho ya neema na msalaba kama darasa la kipaimara. Supertones Strike Back ya mwaka 1997 ndiyo bora. Sehemu ya tarumbeta na tromboni imerekodiwa karibu sana, unasikia hewa ikiingia kwenye chombo kabla ya sauti. Za baadaye zimepooza, matarumbeta yakawekwa nyuma ya magitaa.

Upande wa rap iliyochanganywa na roki nitasema kwa kifupi, kwa sababu sehemu kubwa haijazeeka vizuri. Bendi ya P.O.D. haihitaji kutetewa, kwani albamu yao Satellite, iliyoingia madukani tarehe 11 Septemba 2001, ilifika dunia nzima. Lakini wachache wanajua walitoka wapi: San Ysidro, San Diego, jirani kabisa na mpaka wa Mexico, na albamu za mwanzo zilitolewa na kampuni ndogo ya baba wa mpiga dramu wao, Wuv Bernardo. Tafuta Brown, ya mwaka 1996. Imerekodiwa kwa fedha kidogo na inasikika hivyo, dramu kama debe, ila kuna njaa ndani yake ambayo fedha haikuirudisha. Pillar, wa kutoka Hays, Kansas, walinipendeza kwa nyimbo tatu au nne za Fireproof ya mwaka 2002, basi.

Sikutegemea kwamba bendi nitakayoisikiliza zaidi kuliko zote haitakuwa na tromboni kabisa. Binamu yangu aliiongeza kwenye mzigo kwa sababu ilikuwa bei rahisi: Dig, ya Adam Again, mwaka 1992. Kiongozi wao alikuwa Gene Eugene, mzaliwa wa Kanada aliyeishi California, ambaye pia alikuwa fundi wa kurekodi, na studio yake pale Huntington Beach ilipitiwa na bendi nyingi za Kikristo za wakati ule. Alifariki studioni humo mwezi Machi mwaka 2000, akiwa na miaka 38. Kwenye albamu hiyo ya Dig kuna wimbo uitwao River on Fire. Unautaja mto Cuyahoga wa Cleveland, Ohio, mto uliochafuliwa na mafuta na taka za viwanda mpaka maji yakawaka moto, mara inayojulikana zaidi ikiwa mwaka 1969, na kwa mto huo anaimba juu ya upendo unaoungua. Mke wake, Riki Michele, alikuwa anaimba katika bendi hiyo hiyo, na ndoa yao baadaye ilivunjika. Kwenye injili yetu ninayoijua mimi, ndoa ikitajwa ni ya harusi. Hapa kuna Mkristo anayeimba juu ya nyumba inayowaka akiwa bado ndani, hajui kama itapona, na hajifanyi anajua. Nimeupiga wimbo ule usiku mwingi, taa imezimwa, mke wangu amelala chumba cha pili. Asubuhi moja nikamsimulia unasema nini. Akaniomba niupige tena, tukausikiliza wote kabla ya kwenda kazini.

Nimebakiza The Insyderz, wa Detroit. Mwaka 1998 walitoa Skalleluia!, ambamo nyimbo za sifa zilizokuwa zinaimbwa makanisani zimegeuzwa ska. Kama albamu ya kukaa na kusikiliza, ina upungufu, nyimbo zinafanana kasi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama albamu ya mtu mwenye tarumbeta mkononi, ni hazina. Nikampelekea mzee wetu wa matarumbeta, mtu aliyepuliza tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Leo umeniletea nini?”

Nikamwekea spika za masikioni. Alisikiliza wimbo mzima macho yamefungwa, kidole kinagonga goti. Ulipokwisha akauliza, “Hawa vijana wanapumua wapi?” Nikacheka kwa furaha, maana ndilo swali langu la mwaka 1999. Akataka urudiwe. Mara ya pili akasema, “Hili ni pambio. Wamelikata vipande tu. Lete nota.”

Nota hazipo, kwa hiyo niliziandika kwa kusikia, jioni tano, sauti nne kwenye karatasi za daftari. Jumamosi tukajaribu tukiwa wanane na dramu mbili. Sisi tumezoea nyimbo za kitabu, sauti ndefu zinazoshikana kama matofali, pumzi mwisho wa mstari. Hapa kila sauti inatakiwa ikatwe kwa ulimi mara tu inapozaliwa, na midomo inachoka kwa dakika mbili. Tulianguka mara ya kwanza, tukaanguka mara ya pili: besi inapiga kwenye moja, na wote tunavutwa tunaifuata. Mzee akasimamisha dramu kubwa. Akawaita vijana wa kwaya waliokuwa wanasubiri zamu yao nje, akawapanga ukutani, akawaambia wapige makofi kwenye “na” tu, wasimwangalie mtu. Mara ya tatu tukafika mwisho wa ubeti, na mmoja wa wale vijana akaendelea kupiga makofi hata baada ya sisi kunyamaza.

Jumamosi ijayo ni kiitikio. Nimeshaiandika upya sauti ya besi, nimeipunguzia nusu ya mapigo.