Foldscope: hadubini ya karatasi kwa mtu mwenye maswali

Ukifungua pakiti ya Foldscope hukuti hadubini. Unakuta bapa la karatasi ngumu isiyolowa maji, lenye vipande vya kubandua, lenzi ndogo, vipete vya sumaku na maelekezo ya picha. Hadubini yenyewe unaijenga kwa kukunja. Iliundwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, na makala ya kitaalamu iliyoitambulisha mwaka 2014 ilieleza kwamba vipande vyake vinaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 1 ya Marekani. Dukani utalipa zaidi ya hapo, lakini bado hailingani na bei ya hadubini ya mezani.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: ni kifaa bora sana cha kujifunzia kwa mtu atakayekaa nacho pamoja na daftari. Asiyekuwa na daftari atatazama chumvi, sukari, unywele na ubawa wa nzi, atafurahi, kisha kitaishia kwenye droo. Sababu iko katika jinsi udadisi unavyofanya kazi. Mwaka 1994 mtaalamu wa tabia za binadamu George Loewenstein alieleza kwamba udadisi huzuka pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Ndiyo maana picha nzuri peke yake haitoshi. Mtu anayeitazama bila kutarajia chochote haoni kinachokosekana, naye hana la kuuliza. Mwaka 2014 Matthias Gruber, Bernard Gelman na Charan Ranganath wakaongeza jambo ambalo kila anayejifundisha mwenyewe anapaswa kulifahamu: watu waliokuwa na hamu kubwa ya kujua jibu la swali walilikumbuka jibu hilo vizuri zaidi, na hata sura za watu walizoonyeshwa wakati wakisubiri jibu zilibaki kichwani kuliko kawaida. Hamu ikiwaka, hata mambo ya pembeni hushika. Kwa hiyo kifaa cha kujifunzia tunakipima hivi: je, kinakuachia swali, na je, unaweza kulijaribu swali hilo papo hapo kabla halijapoa?

Tuanze na ujenzi. Wabunifu wanasema unakamilika ndani ya dakika 10. Anayejenga kwa mara ya kwanza ajipe nusu saa. Kila mstari wa kukunja upitishe ukucha mara mbili, mbele na nyuma, kabla ya kuingiza kipande kwenye kingine. Mkunjo ukiwa legevu tabaka za karatasi zinavimba, lenzi inakaa mbali na slaidi (kipande chembamba kinachobeba kitu unachokitazama), na hapo utahangaika na ukungu usiokwisha ukidhani lenzi ni mbovu. Lenzi usiiguse kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kufifisha picha nzima. Ukimaliza, inua kifaa kwenye mwanga kikiwa hakina slaidi. Unatakiwa kuona duara jeupe kamili. Ukiona mwezi mchanga, tundu la mwanga na lenzi havijapangana, na dawa yake ni kusukuma kipande cha katikati hadi duara likamilike.

Kosa linalofuata ni la kutazama kwa mbali. Lenzi hii ni tufe la kioo lenye kipenyo cha takriban milimita 2.4, linalokuza mara 140, na urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali mwanga unapokutana, hauzidi milimita 2. Jicho lazima liwe karibu kabisa, kiasi cha kope kugusa karatasi. Mwenye miwani aivue na arekebishe fokasi kwa kuvuta au kusukuma karatasi polepole kwa vidole gumba. Elekea dirisha lenye mwanga au taa, kamwe usielekee jua. Lenzi inakusanya mwanga na inaweza kuliharibu jicho moja kwa moja. Pembezoni mwa picha patakuwa na ukungu hata ufanyeje. Ndivyo lilivyo tufe moja la kioo, kwa hiyo kitu unachokitaka kisogeze katikati.

Kwa jaribio la kwanza hakuna kinacholishinda gamba la kitunguu chekundu, na hapa ndipo Foldscope inapoonyesha thamani yake. Chukua tabaka moja nene la kitunguu, livunje taratibu kwa upande wa nje uliobinuka, na ubandue kwa kibano utando mwembamba wenye rangi ya zambarau. Kipande cha nusu sentimita kinatosha. Kitandaze kwenye tone moja la maji juu ya slaidi bila kukikunja, kisha shusha kioo cha kufunikia kwa kukiinamisha, ukingo mmoja ukitangulia, ili hewa itoke. Ukikiangusha kikiwa bapa utapata mapovu, na mapovu yana mduara mweusi mnene ambao wanaoanza wengi huuchora wakidhani ni seli.

Utaona vyumba virefu vilivyopangana, vimejaa zambarau. Hapo usibadilishe slaidi. Andika kwanza swali: je, rangi hii iko kwenye ukuta wa seli au ndani yake? Halafu andika unachodhani. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye mililita 100 za maji, weka tone ukingoni mwa kioo, na upande wa pili gusa kwa kipande cha karatasi ya shashi ili maji ya zamani yanyonywe na ya chumvi yaingie. Endelea kutazama sehemu ileile. Ndani ya dakika chache zambarau inajikunyata na kuachana na kona za chumba, huku ukuta ukibaki palepale. Maji yametoka ndani ya seli kufuata chumvi, na rangi imekwenda pamoja na kile kilichosinyaa. Jibu unalo, nawe umelipata kwa mkono wako. Mara linakuja la pili: je, seli imekufa? Rudisha maji matupu kwa njia ileile. Usipochelewa sana, seli nyingi zinajaa tena. Zisizojaa nazo zina la kusema, kwa sababu zinakulazimisha ujiulize chumvi ilikuwa kali kiasi gani na ilikaa muda gani, na hapo tayari unapanga majaribio mengine bila kuambiwa na mwalimu.

Angalizo moja: watu wengi wamefundishwa kuweka iodini kwenye kitunguu ili kiini kionekane. Ni sahihi, na kwa kitunguu cheupe utaona kiini kama nukta ya kahawia, mara nyingi kimebanwa ukutani. Lakini iodini huua seli. Ukiitumia kabla ya jaribio la chumvi, hakuna kitakachosinyaa ipasavyo na utatoa hitimisho la uongo. Slaidi ya iodini iwe peke yake.

Maji ya dimbwi yanahitaji uvumilivu zaidi. Paramesiamu, kiumbe cha seli moja chenye urefu wa mikromita 100 hadi 300 (mikromita 1,000 ni milimita 1), inaonekana vizuri tu, ila inakimbia ikapotea kabla hujapata fokasi. Chambua nyuzi chache za pamba na uziweke ndani ya tone. Zinafanya kama uzio na kiumbe kinazungukazunguka mahali pamoja. Tone likikauka upesi, paka mafuta ya mgando kuzunguka kioo. Tone likiwa kubwa mno linagusa lenzi, na kuanzia hapo kila kitu kinakuwa na ukungu mpaka uikaushe.

Kuhusu uwezo wa kuona vitu vidogo, msichanganywe na takwimu. Makala ya 2014 ilitaja ukuzaji unaozidi mara 2,000, lakini hayo ni matoleo ya maabara yenye lenzi ndogo zaidi. Toleo linalouzwa ni la mara 140 na linatenganisha vitu vya takriban mikromita 2. Chembe za chavua, matundu ya hewa ya jani na nyuzi za kuvu vinaonekana. Hamira inaonekana kama nukta. Bakteria wengi wana urefu wa mikromita 1 au 2, kwa hiyo usinunue kifaa hiki kwa ajili yao.

Sumaku ya kushikiza simu inasaidia sana, hasa watu wawili wanapotaka kubishana juu ya kitu kimoja. Simu zenye kamera kadhaa huruka zenyewe kutoka lenzi moja hadi nyingine. Funika kamera moja moja kwa kidole ujue ipi ndiyo kuu, bandika sumaku hapo, kisha funga fokasi ya simu na utumie ile ya karatasi. Ila tunashauri uchore kwanza kwa penseli kabla ya kupiga picha. Mkono unaochora unalilazimisha jicho liamue mstari unaanzia na kuishia wapi, na nusu ya maswali mazuri hutokea hapo.

Kasoro kubwa ni kwamba haina kipimo ndani yake. Anayeuliza "ni kubwa kiasi gani?" lazima ajitengenezee. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga mahali pa slaidi, au kipande chake ikiwa ni nene, na ukadirie upana wa duara unaloliona. Tuseme ni milimita 1.5, na seli sita zinalivuka kwa urefu. Kila moja ina kama milimita 0.25. Andika kipimo hicho kwenye jalada la daftari, maana utakihitaji kila siku. Ukitumia simu pima upya, kwa kuwa duara linabadilika.

Maelekezo ya pakiti yanaeleza vizuri namna ya kukunja, lakini hayakufundishi kuuliza, na hilo kwetu ni pungufu. Ukurasa mmoja wa daftari ugawe hivi: ninachodhani nitaona, nilichokiona, ninachokijaribu sasa. Safu ya kwanza ijazwe kabla jicho halijagusa karatasi. Wanaoiruka hiyo ndio wanaochoka mapema. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, asiyepitia chuo kikuu, alitumia lenzi moja tu kama hii katika miaka ya 1670, na barua yake ya 1676 kwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kuhusu viumbe wadogo aliowaona ndani ya maji, ilijaa makadirio ya ukubwa, siku na namna alivyoyatunza maji yake.

Kwa usafi, futa lenzi kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo maji safi, halafu kavu, bila kusugua. Tunza kifaa kikiwa bapa ndani ya pakiti yake na slaidi imetolewa. Slaidi yenye unyevu ikibaki ndani usiku mzima, asubuhi utaikuta imeng'ang'ania na lenzi ina madoa ya chumvi.