Miezi minne kwenye darasa la mazoezi la akina mama, Mbagala

Nilijiunga mwezi wa pili, kwa hiyo naandika nikiwa nimeshayaona mazuri na mabaya yake. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34 na watoto wawili, mdogo ana mwaka na miezi miwili. Kazi yangu ni ya kukaa. Kutwa nzima kinachotembea ni mguu wa kukanyagia cherehani.

Kabla ya hapo niliwahi kulipia gym ya wote, shilingi 50,000 kwa mwezi, nikaenda mara tatu tu. Sikuwa mvivu. Mtoto sikuwa na wa kumwachia, na kuinama na kuinuka mbele ya vijana wa kiume nilishindwa.

Hapa ni ukumbi wa nyuma ya soko, wanawake watupu, pazia mlangoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11:15 jioni hadi 12:00, adhana ya magharibi inakukuta njiani. Ada ni 2,000 kwa siku au 20,000 kwa mwezi. Kuna dada analipwa kukaa na watoto pembeni kwenye mkeka, na ndoo ya vikombe vya plastiki. Mwanangu anavipanga, vinaanguka, anaanza upya, na mimi namwona huku nafanya mazoezi. Kwangu mimi huo mkeka ndio darasa lenyewe. Bila huo nisingefika wiki ya pili.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Siku zetu tatu zinatoa dakika 135, zilizobaki nazimalizia kwa kurudi nyumbani kwa miguu badala ya kupanda bajaji.

Mwalimu anajua kazi. Kabla hujanyoosha hata mkono anakuuliza umejifungua lini, kawaida au kwa upasuaji, na mwenye mshono mbichi anamrudisha akaonwe kwanza kliniki. Siku ya kwanza muuguzi alinipima presha: 146/92, iko juu. Akaniambia nitulie dakika kumi, akapima tena: 144/90. Akaniuliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Nilikuwa kwenye vidonge. Akanieleza kwamba vile vyenye homoni mbili huweza kupandisha presha, akaniandikia niende kituo cha afya. Kule walinibadilishia, nikawekewa kijiti. Miaka yote niliyomeza vile vidonge sikuwahi kuambiwa hilo, na nilirudi nyumbani nikiwaza ni wangapi mtaani kwetu wanavimeza bila kupimwa.

Chakula hawakuhubirii. Mwalimu alituambia tuipige alama chupa ya mafuta ya kupikia siku tunayoifungua. Ya kwangu, lita moja, watu wanne, iliisha siku ya nne. Niliiangalia ile chupa tupu nikasikia uchungu. Sasa inafika siku ya tisa: matembele nayachemsha kwa nazi kidogo, samaki nabanika. Mume alinung'unika wiki ya kwanza. Mama mkwe aliniuliza kama naumwa, maana kwetu mwanamke akipungua mwili majirani husema hatunzwi. Wenzangu wawili wameacha kwa maneno hayohayo. Natamani siku moja mwalimu awaite waume na wakwe wasikie kutoka kwake.

Sasa lililoniudhi. Baada ya mazoezi mwalimu anauza chai ya kukata tumbo, pakiti 25,000. Niliisoma: majani ya sena. Sena ni dawa ya kukufanya uharishe. Unashinda chooni, mzani unashuka, ukinywa maji unarudi palepale. Na wanaonunua ni pamoja na wanaonyonyesha, wanaotoa hela ya mboga ya wiki nzima. Nilimwambia uso kwa uso, akasema anayetaka ndiye anayenunua. Si jibu la mtu tunayemwamini na miili yetu. Hapo nampunguzia alama. Choo nacho ni kimoja kwa watu thelathini.

Juzi presha ilisoma 128/82 na nimelipia mwezi mwingine. Ukija, wahi kabla ya saa 11:00 na ubebe kanga ya kulalia, mikeka haitutoshi. Mtoto mwekee maji yake.