Robin DR400/180R: ndege ya mbao iliyoundwa kuvuta glaida

Anayeikaribia ndege hii kwa mara ya kwanza hutazama mabawa yake, ambayo hutoka kiwiliwilini yakiwa yamenyooka kisha, yakielekea nchani, yakapinda kwenda juu. Umbo hilo ni urithi wa ndege za Jodel za Jean Délémontez, aliyeshirikiana na Pierre Robin katika usanifu. Ndege za DR400 ziliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na zimeundwa Darois, karibu na Dijon, Ufaransa. Herufi R ya mwisho katika jina ni ya Remorqueur, yaani mvutaji kwa Kifaransa.

Katika kazi ya kuvuta, kila kilo inayopunguzwa kwenye ndege ni nguvu inayobaki kwa ajili ya glaida, yaani ndege isiyo na injini, iliyo mwisho wa kamba, na ndiyo maana nayahesabu mbao kuwa uamuzi sahihi hata leo. Mhimili wa bawa ni wa mbao, kiwiliwili kimevikwa plaiwudi na mbavu za bawa zimefunikwa kitambaa. Injini ni Lycoming O-360 ya nguvu za farasi 180, na visu vya rafadha (propela) vimepunguziwa pembe, sawa na dereva wa lori anayeshusha gia kabla ya mlima: ndege hupanda kwa nguvu, lakini safarini huachwa nyuma na dada zake wa aina hiyo hiyo.

Ninachokipenda zaidi ni paa la kioo linaloteleza kwenda mbele. Rubani huona pande zote, na kwa kioo kidogo cha kutazamia nyuma huifuatilia glaida. Ikipanda kupita kiasi huunyanyua mkia wa mvutaji na kuielekeza pua ardhini, hivyo mkono haupaswi kuwa mbali na kishikio cha kuachia kamba.

Glaida ikishaachia, subira inahitajika. Injini hupozwa kwa hewa, na rubani anayekata nguvu ghafla na kushuka kwa kasi huzihatarisha silinda kupasuka. Nguvu ipunguzwe kidogo kidogo.

Udhaifu wake mkubwa ni unyevu. Klabu isiyo na banda kavu isiinunue kabisa, na anayetaka iliyokwisha kutumika aingize kichwa ndani ya mkia na kunusa kabla hajatazama rangi, kwani harufu ya ukungu humaanisha kwamba gundi na plaiwudi vichunguzwe na fundi wa ndege za mbao kabla ya malipo yoyote.