Kijiji cha mbali: upande ndege au uende kwa gari?

Ukipima kwenye ramani kutoka mjini hadi kijijini utapata, tuseme, kilomita 300. Huo ni umbali wa ndege. Barabara haina habari na mstari ulionyooka: inazunguka mlima, inafuata daraja lilipo, na 300 zile zinaweza kufika 420.

Kwa muda, ndege inaonekana imeshinda mapema. Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotua hata kwenye uwanja wa udongo, hukata zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Gari likienda wastani wa 50, ni zaidi ya saa nane bila kusimama. Lakini hesabu ya ndege haianzi inapopaa. Kuna kwenda uwanjani, kupimwa mizigo (mara nyingi na wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani), kusubiri, halafu kutoka uwanjani hadi kijijini, pengine kwa pikipiki. Saa moja inageuka nne.

Uhakika? Hapo kila mmoja ana ugonjwa wake. Viwanja vingi vya vijijini havina taa, kwa hiyo ukungu ukichelewa kutawanyika, giza linaweza kukuwahi. Gari nalo hukwama mtoni mvua ikinyesha, ila angalau unaweza kugeuza.

Kwa gharama gari linashinda, hasa mkiwa wanne. Mwenye mgonjwa, au likizo ya siku mbili, apande ndege. Mwenye magunia, mabati na watoto, aondoke alfajiri kwa gari.